Hivi haya makuba ya vitunguu kwenye makanisa ya Warusi yalianzia wapi?

#1 Mzawa wa Pangani
Wakuu, salaam. Swali hili ninalo tangu Kombe la Dunia la 2018. Kila kabla ya mechi kamera lazima ipite kwenye lile kanisa la rangirangi la Uwanja Mwekundu, Moscow, la Mtakatifu Basili. Makuba yana tumbo, yamebana chini, yamechongoka juu. Vitunguu vitupu. Na si lile tu, Warusi karibu kila kanisa wameliwekea.

Sasa, Ukristo wao waliuchukua kwa Wagiriki wa Konstantinopoli mwaka 988, na kuba la Kigiriki ni la mviringo wa kawaida, limelala chini. Hiki kitunguu kimeingilia wapi? Mimi nasema ni theluji: paa likichongoka, theluji haikai. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 Chokochoko
Nimefungua mbio nikidhani bei ya vitunguu Mang'ola imepanda. Haya, nakaa nyuma nasoma.

#3 Babu wa Voronezh
Mzawa, hiyo ya theluji hata sisi tulifundishwa na wenyeji tulipokuwa masomoni enzi za Kisovieti, na waongoza watalii wanaisema mpaka leo. Mimi iliniisha nguvu baada ya baridi ya kwanza. Theluji inateleza kweli kutoka kwenye ncha, halafu inakwenda kujaa pale chini, kwenye paa linalozunguka shingo za makuba, yaani kuta za mviringo zinazobeba kila kuba, na kule hakuna wa kuifagia kwa urahisi.

Halafu tazama Novgorod. Kanisa kuu la Mtakatifu Sofia lilijengwa kati ya 1045 na 1050, na makuba yake yana umbo la kofia ya chuma ya askari wa zamani: yamechongoka kidogo, hayana tumbo. Novgorod ni kaskazini kuliko Moscow. Kama tatizo lilikuwa theluji, wa Novgorod ndio wangekuwa wa kwanza kuweka kitunguu.

#4 Kenchi Kwanza
Mimi ni fundi paa, nisemee upande wa mbao. Kumwaga theluji au mvua unahitaji mteremko tu. Paa la umbo la pia, yaani koni, linatosha, kazi ya wiki moja. Tumbo ni gharama: kila ubao ukatwe kwa upinde, kila kipande cha bati kikunjwe peke yake. Hakuna fundi anayejitafutia kazi hiyo bila sababu.

Sababu ninayoiona mimi ni ile shingo. Tumbo likitokeza nje, maji yanadondokea mbali na ukuta wa shingo. Ni upenu, ila wa mviringo. Ukuta wa chokaa ukilowa halafu ukaganda kwa baridi, unapasuka. Kwa hiyo Mzawa ana nusu ya haki: ni hali ya hewa, lakini kinacholindwa ni ukuta, siyo paa.

#5 Dogo wa Tandale
Mnajichosha. Wamekopi Taj Mahal, basi.

#6 Mchora Ramani
Dogo, Taj Mahal ilianza kujengwa 1632. Basili ilikuwa imekamilika tangu 1561. Labda walikopi kwa njozi.

Kenchi, hoja ya upenu nimeipenda, ila kuna kitu watu hawakijui mpaka waingie ndani. Ukisimama ndani ya kanisa la Kirusi ukainua macho, huoni umbo la kitunguu kabisa. Unaona kuba dogo la matofali la kawaida, la duara, limekaa juu ya shingo yenye madirisha membamba. Kitunguu ni ganda la nje, fremu ya mbao au chuma iliyosimamishwa juu ya hilo kuba la matofali, na katikati ni uwazi mtupu. Kwenye makanisa ya mbao hata hiyo shingo mara nyingi imezibwa, haiingizi mwanga wowote.

Maana yake kile kitunguu hakibebi kitu zaidi ya msalaba wake. Kimewekwa kionekane. Tambarare za Urusi hazina milima, mto unapinda kilomita na kilomita, na msafiri wa mashua anaona ncha inayong'aa muda mrefu kabla hajaona kijiji. Umbo lenye tumbo linashika jua pande zote. Umbo la pia linashika upande mmoja.

#7 Ustaadh wa Mkunazini
Assalaam aleikum jamiyaan. Dogo wa Tandale kakosea mwaka tu, njia kaiona. Umbo hili Waislamu walikuwa nalo mapema zaidi. Kaburi la Timur, yule mtawala wa Asia ya Kati, kule Samarkand lina kuba la tumbo tangu mwanzoni mwa karne ya 15. Cairo, madrasa ya Sarghatmish ni ya 1356, na kuba lake limetuna. Na Warusi hawakuwa kisiwani: walikaa chini ya Watatari, wale wa dola ya Wamongoli, karne mbili na zaidi, wakafanya biashara nao, wakalipa kodi kwao. Hasha, mtu akae na jirani miaka yote hiyo asichukue hata umbo la paa?

Na hilo kanisa la Basili lenyewe limejengwa kwa sababu gani? Ivan wa Nne, tsar (mfalme) wa Warusi, alilijenga kuadhimisha kuiteka Kazan, mwaka 1552. Kazan ulikuwa mji wa Kiislamu, ukiwa na msikiti wa Kul Sharif, na msikiti huo ukabomolewa. Watatari wenyewe wana masimulizi kuwa makuba manane yanayozunguka lile la kati ni ukumbusho wa minara minane ya msikiti ule.

#8 Mama Nikolao
Hamjambo? Niko Nairobi, na mimi ni Morthodoksi, kwa hivyo wacha nitie neno. Ile hesabu ya nane ina maelezo yake ndani ya kanisa, Ustaadh. Basili ni makanisa madogo manane yaliyokusanywa kuzunguka la tisa, na mengi yamepewa majina ya sikukuu zilizoangukia siku za vita vya Kazan. Hayahitaji minara ya mtu. Tena lile la kati halina kitunguu kikubwa, lina paa la hema refu na kikuba kidogo tu juu yake.

Kwetu tunaelezwa hivi: kitunguu ni ulimi wa moto wa mshumaa. Aliyeiweka vizuri ni Evgeny Trubetskoy, mwanafalsafa wa Kirusi, mwaka 1915. Alisema kuba la Bizanti, yaani la Wagiriki wa Konstantinopoli, ni mbingu iliyoifunika dunia, mnara wa Gothi, ule wa makanisa ya kale ya Ulaya Magharibi, ni mshale unaokimbilia juu, na kitunguu cha Kirusi ni sala inayowaka kuelekea mbinguni. Na idadi nayo inasemwa: kuba moja ni Mungu mmoja, matatu ni Utatu, matano ni Kristo na wainjilisti wanne, kumi na matatu ni Kristo na mitume. Rangi pia: dhahabu ni ya Kristo, buluu yenye nyota ni ya Bikira Maria.

#9 Chokochoko
Mama Nikolao, na yale ya Basili yenye mistari ya kijani na njano ni ya nani? Ya timu gani?

#10 Babu wa Voronezh
Umeuliza kwa utani lakini swali ni zuri. Yale marangi hayakuwepo Ivan alipolizindua. Yalianza kupakwa katika karne ya 17. Hata makuba yenyewe mnayoyaona siyo ya 1561. Kulitokea moto, na haya yenye mapindo na miiba yaliwekwa mwishoni mwa karne ya 16, wakati wa Fyodor mwana wa Ivan. Kwa hiyo anayesoma siri ya Ivan kwenye vitunguu vile anasoma kazi ya mafundi waliokuja baada yake.

Ndiyo maana na ule mshumaa wa Trubetskoy naupokea kama mahubiri mazuri, siyo historia. 1915 ni zaidi ya miaka mia tatu baada ya mafundi hao. Hakuna aliyewauliza.

#11 Mama Nikolao
Babu, hakuna aliyewauliza kuhusu upenu wa Kenchi pia.

#12 Kenchi Kwanza
Upenu hauulizwi, Mama. Unaonekana mvua ikinyesha.

#13 Mjomba Bavaria
Nawasoma kutoka Munich, na ninashangaa hakuna aliyegusa huku. Kanisa kuu la hapa, Frauenkirche, lina minara miwili, na juu ya kila mmoja kuna kitunguu tangu 1525. Hili ni kanisa la Kikatoliki, halina Mrusi wala Mtatari. Ukitoka nje ya mji, kila kijiji cha Bavaria na Austria kina mnara wa kitunguu. Nyumba yangu ya kupanga inatazamana na mmoja, na kengele zake zinaniamsha Jumapili nipende nisipende.

Huku maelezo yanayotajwa sana ni Yerusalemu. Mwishoni mwa karne ya 15 mahujaji wa Kijerumani walirudi na kuchapisha vitabu vyenye picha za mji ule, na picha hizo zilichora Kuba la Mwamba, jengo la Waislamu lililoko mjini humo, likiwa limetuna kuliko lilivyo kweli. Wengi waliamini ndilo Hekalu la Suleimani. Wajenzi wa Munich walikuwa wanaijenga Yerusalemu yao kutoka kwenye picha.

#14 Mzawa wa Pangani
Duh. Kwa hiyo Wakatoliki wa Ujerumani wameiga jengo la Waislamu wakidhani ni la Suleimani? Ustaadh, umepata mtetezi.

#15 Ustaadh wa Mkunazini
Alhamdulillahi. Nilikuwa nasubiri tu.

#16 Mchora Ramani
Taratibu. Hoja ya Yerusalemu ipo hata kwa Urusi, lakini haipiti kwenye Kuba la Mwamba. Mwanahistoria wa sanaa Aleksei Lidov anaipitisha kwenye kile kijengo kidogo kilichomo ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu la Yesu, Yerusalemu, kinachofunika kaburi lenyewe. Anasema zamani kilikuwa na kikuba cha kitunguu juu yake, na Warusi walikijua kupitia mahujaji na kupitia vyombo vya ibada vilivyotengenezwa kwa mfano wake. Kuliweka umbo lile juu ya kila kanisa ilikuwa kusema: hapa nako ni Yerusalemu. Na wazo la Moscow kuwa Yerusalemu mpya siyo la kubuni. Patriaki Nikon, mkuu wa Kanisa la Urusi, alianzisha monasteri mwaka 1656, nje kidogo ya Moscow, akaiita Yerusalemu Mpya, ikiiga kanisa lile la kaburi.

#17 Mama Nikolao
Nimefika Yerusalemu kwenye kaburi na kundi la mahujaji wa kanisa letu. Kwa kweli juu ya kijengo cha kaburi kuna kikuba chenye tumbo, ukikiona unafikiri umeingia Urusi. Mzee mmoja wa kundi letu aliuliza kwa sauti kama Warusi ndio waliojenga, na padri wa Kigiriki aliyekuwa zamu hakufurahi hata kidogo.

#18 Babu wa Voronezh
Kile alichokiona Mama Nikolao ni cha baada ya moto wa 1808, kilijengwa upya 1809 na 1810. Hakiwezi kutoa ushahidi wa karne ya 16. Cha zamani tunacho kwenye michoro tu.

Na hapo ndipo ugomvi wote ulipo, wakuu: michoro. Wapo wataalamu wa Kirusi, Boris Rybakov na baadaye Sergey Zagraevsky, wanaosema vitunguu vinaonekana kwenye picha za vitabu vya mkono tangu karne ya 13. Kama ni kweli, basi Timur na Samarkand yake wamechelewa, na Kazan imechelewa zaidi. Wa upande wa pili wanajibu kwamba mchoraji wa vitabu anaweza kuchora anachotaka, tuonyeshe jengo. Na majengo yenyewe hayasaidii, kwa sababu paa la mbao linaungua au linaoza, linawekwa jingine la mtindo wa wakati huo. Lile kanisa dogo zuri la Pokrova kando ya mto Nerl, karibu na Vladimir, ni la karne ya 12. Kila mtu analipiga picha na kitunguu chake kama ndicho cha asili. Kiliwekwa 1803.

#19 Dogo wa Tandale
Hii sasa ni kesi isiyo na shahidi.

#20 Kenchi Kwanza
Shahidi ni mbao, ila mmemzika. Makanisa mengi ya Warusi yalikuwa ya mbao kabla ya mawe. Mchora Ramani, tupe habari za lile la kisiwani, niliwahi kuliona kwenye picha nikakosa usingizi.

#21 Mchora Ramani
Unasema Kizhi, kisiwa cha ziwa Onega. Kanisa la Kugeuka Sura, 1714. Makuba 22, urefu mita 37, lote magogo. Kuna hekaya kuwa fundi aliyeitwa Nestor alipomaliza alitupa shoka lake ziwani, akasema kanisa kama hili halijapata kuwapo wala halitakuwapo. Watu huongeza kuwa halina hata msumari mmoja. Magogo ya kuta kweli yamefungwa kwa kuchongwa na kupishanishwa pembeni, lakini vigae vya kwenye makuba vimepigiliwa misumari. Vigae hivyo ni vya mti wa kwao uitwao osina, vimechongwa kwa shoka, maelfu kwa maelfu, na ncha zake zina vidato ili maji yadondoke. Vikiwa vipya ni vya njano, vikikaa na mvua vinageuka rangi ya fedha. Mchana wa jua unaweza kuapa ni bati.

Na hapa Kenchi anapata hoja yake nyingine: kwenye makanisa ya mbao umbo la kitunguu halipo kwenye kuba tu. Kuna mapaa marefu yaliyojikunja hivyo hivyo, tumbo pembeni na ncha juu, yanafunika hata vyumba na ngazi. Wapo wanaosema maseremala walikuwa na umbo hili kwenye mbao, waashi wa mawe wakalichukua baadaye. Wengine wanageuza: waashi kwanza, maseremala wakaiga.

#22 Ustaadh wa Mkunazini
Naomba niulize jingine, kwa heshima. Chini ya misalaba ile kwenye makuba mengi kuna hilali. Nimeiona kwenye picha nyingi. Nimeambiwa ni alama ya msalaba kuukanyaga Uislamu baada ya Kazan. Ni kweli?

#23 Mama Nikolao
Inasemwa sana, hata na Warusi wenyewe, lakini tarehe inakataa. Misalaba yenye hilali ilikuwepo Vladimir karne ya 12, kabla hata Watatari hawajafika. Sisi tunafundishwa ni nanga, ile nanga ya roho ya Waraka kwa Waebrania. Wengine wanasema ni mwezi ulio chini ya miguu ya yule mwanamke wa Ufunuo. Wengine ni shina la mzabibu linalochipua msalaba.

#24 Ustaadh wa Mkunazini
Ahsante dada. Nanga naichukua, sisi watu wa pwani inatufaa. Ila mwenye kuijenga alikuwa na nia yake, na mwenye kuitazama baada ya 1552 alikuwa na yake. Mtu wa Kazan aliyeiona hilali chini ya msalaba hakufikiria nanga.

Na kabla hamjauliza: misikiti yetu ya kale ya mwambao mingi haina kuba lolote, paa ni bapa. Msikiti mkuu wa Kilwa una makuba, lakini ni ya duara ya chini. Haya ya tumbo yalikuja na mtindo wa Kihindi. Jamia ya Nairobi, iliyojengwa 1925 hadi 1933, ina matatu ya rangi ya fedha, mwulizeni Mama Nikolao, anayapita kila siku.

#25 Mama Nikolao
Nayapita nikienda sokoni. Yamependeza kuliko paa la kanisa letu, na hilo usimwambie padri wangu. Sisi hapa tuna mtindo wa Kigiriki kwa kuwa tuko chini ya Patriaki wa Aleksandria, Misri. Sasa tangu Kanisa la Moscow lifungue eksarkia (jimbo la kanisa) yake ya Afrika, Desemba 2021, na baadhi ya mapadri kuhamia huko, pengine vitunguu vitafika.

#26 Chokochoko
Hapo kwenye mapadri kuhamia tusiguse, uzi utafungwa. Turudi kwenye mambo ya damu: si wanasema Ivan alimtoboa macho fundi wa Basili asijenge kingine kama hicho?

#27 Babu wa Voronezh
Chai. Fundi anayetajwa ni Postnik Yakovlev, na hati zinamtaja Postnik huyo akipelekwa Kazan kujenga kuta za ngome. Kipofu hajengi ngome. Kisa hicho hicho kinasimuliwa Prague kuhusu fundi wa saa yao.

Ukitaka mambo ya kweli tafuta dhahabu. Kuba la Mtakatifu Isaka, St Petersburg, lilipakwa dhahabu kwa zebaki: unayeyusha dhahabu ndani ya zebaki, unapaka kwenye shaba, unachoma mpaka zebaki iondoke kama moshi. Moshi ule ndio uliowaua mafundi, inasemwa kama 60.

#28 Dogo wa Tandale
Lakini Isaka siyo kitunguu, Babu. Nimeangalia sasa hivi. Ni kuba kama la Roma.

#29 Mzawa wa Pangani
😂 Dogo amelipiza ya Taj Mahal.

#30 Babu wa Voronezh
Dhahabu ni dhahabu, kijana. Haya, tuseme kanisa la Kristo Mwokozi, Moscow, hilo lina vitunguu. Liliwekwa wakfu 1883, Stalin akalilipua 1931 ajenge jumba la Kisovieti, jumba halikujengwa, shimo likageuzwa bwawa la kuogelea mwaka 1960. Mimi nimeogelea humo. Bwawa la wazi, maji ya moto, nje baridi inauma, mvuke umetanda mpaka humwoni mwenzako. Wa jumba la sanaa la jirani walilalamika mvuke unaharibu picha zao. Kanisa limejengwa upya, likawekwa wakfu 2000, na ule mng'ao wa makuba yake sehemu kubwa si dhahabu, ni titani naitraidi, tabaka gumu lenye rangi kama ya dhahabu. Inavumilia hewa ya mji.

#31 Mjomba Bavaria
Kwa hiyo umeogelea kanisani.

#32 Kenchi Kwanza
Wakuu, niwatoe kidogo kwenye dini. Kuna bosi Goba ameona picha za Basili, anataka kitunguu juu ya nguzo mbili za geti, kipenyo mita moja na nusu. Mchora Ramani, Warusi wanaanzaje fremu?

#33 Mchora Ramani
Nguzo moja katikati, inasimama kwanza na inapita mpaka juu, ndiyo inayoshika msalaba. Kisha mbavu zinaizunguka. Kila ubavu usikate kwenye ubao mmoja, utapasuka pale upinde unapokatiza nyuzi za mti. Pigilia mbao mbili bega kwa bega, maungio yapishane. Sehemu pana ya tumbo iwe kama theluthi ya kwanza kutoka chini, na izidi upana wa shingo, la sivyo utapata yai. Bati likate vipande vyembamba vya wima, kila kimoja kipana katikati.

#34 Kenchi Kwanza
Shukrani. Shida ni juu kwenye ncha: hataki msalaba wala hilali. Anataka tai.

#35 Babu wa Voronezh
Mwulize wa kichwa kimoja au viwili. Wa viwili, tsar alikuwa nao.

#36 Chokochoko
Kenchi, chukua malipo ya awali kabla bosi hajausoma uzi huu.